Sura ya Sita: Magari Yaliyokosa Wanunuzi

La Harpe ni mji mdogo wa wakulima magharibi mwa jimbo la Illinois. Mwaka 1968 Fred Gibb, aliyekuwa wakala wa Chevrolet mjini hapo, aliagiza kiwandani Camaro 50 za aina ambayo haikuwamo katika orodha yoyote ya bei. Gibb alipenda mashindano ya robo maili, na NHRA, chama kinachoyasimamia, kilitaka gari liwe limetengenezwa kwa idadi isiyopungua 50 ndipo likubaliwe kushindana pamoja na magari yanayouzwa madukani. Chevrolet walikuwa na injini iitwayo ZL1, ya aluminiamu, ya inchi za ujazo 427, yaani lita 7, iliyobuniwa kwa ajili ya magari ya mbio. Gibb aliitaka injini hiyo ndani ya Camaro. Vince Piggins, aliyeshughulikia magari ya kasi ndani ya kampuni, alilipitisha agizo kwa mlango wa pembeni uitwao COPO, utaratibu uliowekwa kwa ajili ya maombi maalumu ya ofisi kuu, kama vile magari ya polisi na teksi.

Magari yalipofika La Harpe, karatasi ya bei iliyobandikwa kiooni ilikuwa imevuka dola 7,200. Gibb alitarajia kama dola 4,900. Injini peke yake ilihesabiwa dola 4,160, wakati Camaro ya kawaida ya silinda nane iliuzwa kwa chini ya dola 3,000. Kwa fedha hizo mtu angenunua Corvette mpya na kubaki na chenji ya maana. Wachache walithubutu. Mengi yakakaa uani mpaka Chevrolet wakakubali kuyachukua tena na kuyagawa kwa mawakala wengine, ambako nako yaliendelea kukaa. Baadhi ya mawakala waliing'oa ile injini ya aluminiamu, wakaiuza peke yake, kisha wakaweka nyingine ya bei nafuu ili angalau gari lipate mtu. Ukijumlisha na yale yaliyoagizwa na mawakala wengine, Camaro ZL1 za modeli ya 1969 zilizotoka kiwandani ni 69 tu.

Leo moja ya hizo 69, ikiwa imebaki na injini yake na karatasi zake, ikipandishwa jukwaani katika mnada wa Barrett-Jackson au Mecum, bei huanzia katika mamia ya maelfu ya dola, na zile nzuri kabisa hufika jirani ya milioni moja.

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Camaro za Gibb zilikuwa nzuri, pengine nzuri kuliko gari lolote la mitaani la mwaka ule, na bado zilitembezwa kutoka wakala hadi wakala. Kutembezwa huko ndiko kulikozaa bei tunayoiona sasa. Mtu anayelipa mamia ya maelfu leo analipia uchache, na uchache huo haukupangwa na mtu yeyote. Uliletwa na maelfu ya wateja waliolitazama gari, wakapiga hesabu ya mshahara wao, wakageuka na kwenda zao. Ukilishika jambo hilo, karibu kila bei ya ajabu katika soko la magari ya misuli ya Marekani itakuelea.

Msomaji aliyewahi kuagiza gari Japani na kulisubiri bandarini Mombasa au Dar es Salaam anaijua kanuni ya kawaida ya biashara hii. Gari hushuka thamani kila mwaka, na umri ukizidi hugeuka mzigo. Kenya, kwa utaratibu wa kawaida, haipokei kabisa gari lililotumika kwa zaidi ya miaka minane. Magari ya misuli nayo yaliifuata kanuni hiyo, tena kwa ukali kuliko mengine. Katikati ya miaka ya 1970 magari ambayo leo yanalindwa kwa kengele na kamera yaliuzwa kama mitumba ya vijana, yakagongwa, yakang'olewa injini kwa ajili ya boti za mbio, yakaoza nyuma ya ghala za mahindi. Kila lililokufa liliongeza thamani ya lililobaki. Hakuna aliyekuwa akihesabu wakati huo.

Mwanzo wa magari ya misuli ulikuwa ukaidi wa ofisini. Mapema mwaka 1963 General Motors ilijitoa katika mashindano ya magari, na ilikuwa na marufuku ya kuweka injini ya zaidi ya inchi 330 katika magari ya ukubwa wa kati. John DeLorean, injinia mkuu wa Pontiac, pamoja na wenzake Bill Collins na Russ Gee, waliuona mwanya. Marufuku ilihusu modeli za magari. Haikusema lolote juu ya vifaa vya ziada ambavyo mteja anaweza kuviongeza mwenyewe. Wakaichukua Tempest LeMans ya 1964, wakaitilia injini ya inchi 389 kutoka katika Pontiac kubwa, wakaiorodhesha kuwa kifurushi cha ziada cha chini ya dola 300. Wakakiita GTO, jina lililoazimwa waziwazi kutoka Ferrari. Ndani ya kampuni ilikadiriwa kwamba yangeuzwa 5,000. Yaliuzwa 32,450.

Kanuni ya mapishi ilikuwa imepatikana: bodi ya gari la familia, injini ya gari kubwa, bei anayoiweza kijana mwenye kazi ya kudumu. Kila kampuni ikaja na lake. Chevrolet wakaleta Chevelle SS, Oldsmobile 4-4-2, Buick Gran Sport, Dodge Charger, Plymouth Road Runner. Pembeni yake palikuwa na kundi la magari madogo yenye boneti ndefu, likiongozwa na Ford Mustang, iliyozinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 katika Maonyesho ya Dunia ya New York na kuuzwa zaidi ya 400,000 katika mwaka wake wa kwanza.

Mustang hizo zilijiuza, na ndiyo maana hazijawa na bei ya kutisha. Mustang ya 1965 yenye injini ya kawaida bado iko ndani ya uwezo wa mwalimu wa Marekani anayeweka akiba kwa subira. Spea zake zinatengenezwa mpaka leo, hata bodi nzima mpya unaweza kuagiza. Ni gari zuri la kupendwa na kuendeshwa. Lakini lilipendwa na wengi mno tangu siku ya kwanza.

Mambo yaligeuka kwa kishindo kati ya 1970 na 1974. Kampuni za bima ziliamka kwanza. Zilianza kulinganisha nguvu ya injini na uzito wa gari, na kijana aliyekuwa na gari lenye nguvu kupita kiasi akatozwa bima ya kukatisha tamaa. Sheria ya Hewa Safi ya 1970 ikafuata, na ili kujiandaa kwa petroli isiyo na risasi General Motors ikapunguza mgandamizo wa injini zake kuanzia modeli za 1971. Mwaka 1972 watengenezaji wakabadili namna ya kutangaza nguvu za farasi, wakaipima injini ikiwa na mizigo yake yote, na nambari zikaporomoka kwenye karatasi hata pale ambapo injini haikuguswa. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikazuia mafuta, foleni zikajaa vituoni, na gari la kunywa lita moja kwa kilomita nne likawa aibu ya mwenyewe. Plymouth Barracuda na Dodge Challenger zilisimamishwa Aprili 1974. GTO ilikufa mwaka huohuo.

Ukitaka kujua wapi bei za leo zimelala, itazame miaka ya mwisho kabla ya kifo. Injini kali zaidi zilikuwa bado zinapatikana, na wanunuzi walikuwa wamekwisha ondoka.

Hapo ndipo lilipozaliwa gari ambalo wakusanyaji hulitaja kwa sauti ya heshima kuliko mengine yote: Plymouth Hemi 'Cuda ya 1971 yenye paa la kukunjwa. 'Cuda ni toleo la kasi la Barracuda. Hemi ni injini ya Chrysler ya inchi 426, iliyoitwa hivyo kwa sababu vyumba vyake vya kuchomea mafuta vina umbo la nusu tufe. Iliingia katika mbio za NASCAR mwaka 1964, ikauzwa kwa magari ya mitaani kuanzia 1966, na ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 425. Ilikuwa nzito, ilitaka fundi anayeijua, na mwaka 1971 iliongeza karibu dola 900 juu ya bei ya gari, ambayo ni kama robo ya gari lenyewe. Sasa mfuatilie mteja aliyeingia kwa wakala wa Plymouth mwaka ule. Ilimpasa kwanza atake gari la paa la kukunjwa, wakati watu wengi walikuwa wameanza kuyaacha. Kisha akubali kulipia Hemi, wakati Plymouth hiyohiyo ilikuwa na injini ya inchi 440 iliyokaribia kasi ileile kwa fedha kidogo. Kisha ampate mtu wa kumkatia bima. Waliopita katika matundu yote hayo walikuwa wachache mno: magari yaliyotengenezwa hayakuzidi 12, pamoja na yaliyouzwa nje ya Marekani.

Juni 2014, katika mnada wa Mecum mjini Seattle, moja la hayo, lenye gea za mkono, liliuzwa kwa dola milioni 3.5. Mei 2021 jingine lilipandishwa jukwaani Indianapolis. Bei ikapanda hadi dola milioni 4.8, mwenyewe akatikisa kichwa, gari likarudi nyumbani. Jambo hilo huwashangaza wasiojua minada. Muuzaji huruhusiwa kuweka bei ya chini anayoijua yeye na dalali tu, na isipofikiwa hakuna biashara. Barrett-Jackson wamejijengea jina Scottsdale, Arizona, kwa kuuza magari mengi bila ulinzi huo: nyundo ikigonga, limekwenda, hata kama mwenyewe analia. Mnunuzi naye asisahau kwamba juu ya bei ya nyundo kuna ada ya mnada, ambayo mara nyingi ni asilimia kumi.

Plymouth Superbird ya 1970 ni mfano mwingine ninaoupenda, kwa kuwa ilikataliwa mbele ya macho ya kila mtu. Iliundwa ili ishinde NASCAR na imrudishe dereva Richard Petty, aliyekuwa amehamia Ford kwa msimu wa 1969. Ilikuwa na pua ndefu iliyochongoka na bawa la nyuma lililosimama juu kuliko paa. Dada yake, Dodge Charger Daytona, ndiye aliyembeba Buddy Baker mwezi Machi 1970 katika uwanja wa Talladega, akawa dereva wa kwanza wa NASCAR kuvuka maili 200 kwa saa katika uwanja wa mzunguko. Lakini masharti ya mashindano yalitaka Superbird iuzwe kwa umma, karibu moja kwa kila mawakala wawili wa Plymouth, na zilitengenezwa zaidi kidogo ya 1,900. Umma ulicheka. Gari lisiloingia vizuri katika gereji ya nyumba, lenye bawa la ndege, liliwatisha wateja. Mawakala wengine walilikata bawa na kuing'oa pua, wakalirudishia sura ya Road Runner ya kawaida ili liondoke uani. Leo Superbird yenye Hemi imekwisha vuka dola milioni moja mnadani, na ile pua ya asili iliyotupwa nyuma ya karakana ingetafutwa na watu wa bara zima.

Kukataliwa peke yake hakutoshi, na hapa wauzaji wengi huwapotosha wanunuzi wapya. Ford ya miaka hiyo ilikuwa na orodha ndefu sana ya rangi, viti, gea na vikorombwezo, kiasi kwamba ukichambua utakuta magari mengi ni ya pekee duniani kwa mchanganyiko wake. Muuzaji atakuonyesha cheti kwamba Mustang yake ya silinda sita, ya rangi ya chokoleti na kiti cha mbele cha benchi, ilitengenezwa moja tu. Ni kweli, na haina maana yoyote. Liliachwa kwa sababu hakuna aliyelitaka, wakati ule na sasa. Gari linalopanda thamani ni lile ambalo watu walilitamani hadi mate yakawatoka, wakashindwa kulinunua. Tamaa iliyokwama kwenye bei haifi. Kijana wa miaka 18 aliyeliona dirishani mwaka 1970 aliibeba tamaa hiyo, akasoma, akafungua biashara, akafika umri wa kuwa na fedha na gereji. Bei za kwanza za kushangaza, mwishoni mwa miaka ya 1980, na zile za miaka iliyotangulia msukosuko wa fedha wa 2008, zililipwa na kijana huyo akiwa mtu mzima.

Kwa kuwa kinachouzwa ni uchache, lazima uthibitishwe, na hapa biashara hii inageuka kuwa biashara ya nyaraka. Mali bila daftari hupotea bila habari. Sijui soko jingine la vyombo vya moto ambapo karatasi iliyoliwa na panya inaweza kuwa na thamani kuliko injini.

Chukua namba ya chesisi ya hiyo 'Cuda. Huanza na BS27R1B. B ya kwanza ni Barracuda. S inaonyesha toleo la 'Cuda. 27 ni bodi ya paa la kukunjwa. R ni injini ya Hemi. 1 ni mwaka wa 1971. B ya mwisho ni kiwanda cha Hamtramck, Michigan. Herufi moja, hiyo R, ndiyo inayotenganisha gari la mamilioni na gari ambalo kwa macho ya mpita njia ni lilelile. Ingekuwa G, gari lilitoka kiwandani na injini ya kawaida ya inchi 318, na hata ukiweka Hemi halisi leo, namba haitasahau. Chrysler pia waligonga kibati kidogo chenye misimbo ya rangi na vifaa ndani ya chumba cha injini, na mafundi wa kiwandani waliacha karatasi za maelekezo ya kuunganishia gari popote zilipoangukia: katikati ya springi za kiti, juu ya tangi la mafuta. Fundi anayefungua kiti cha gari la aina hii kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50 hufungua polepole sana.

Kwa General Motors mambo ni magumu zaidi. Mpaka 1972 namba ya chesisi ya Camaro au Chevelle haikuitaja injini kwa jina. Ilionyesha tu kama ni silinda sita au nane. Chevelle SS 454 ya 1970 yenye injini ya LS6, ya nguvu za farasi 450, ni moja ya magari yanayosakwa sana, lakini SS ilikuwa kifurushi cha ziada, na namba yake haitofautiani na ya Malibu ya silinda nane aliyopelekea mama watoto shuleni. Nembo hununuliwa. Boneti hununuliwa. Injini ya 454 hupatikana. Ndiyo maana bila karatasi ya kiwandani au risiti ya wakala, mnunuzi mwenye akili huihesabu Chevelle SS kuwa Malibu mpaka mwenyewe athibitishe vingine. GTO ya 1964 ilikuwa na tatizo hilohilo, ila Pontiac walihifadhi kumbukumbu za ankara zao, na mwenye gari anaweza kuagiza nakala kutoka shirika la PHS. Ford nao wana bahati: takwimu za uzalishaji kuanzia 1967 zimo mikononi mwa Marti Auto Works ya Arizona, ambao kwa malipo kidogo watakuambia gari lako lilitoka lini, na rangi gani, na mangapi yalifanana nalo.

Pale penye pengo la karatasi, waghushi hufanya kazi. Injini za asili ziligongwa sehemu ya namba ya chesisi, na gari ambalo namba zake zinalingana huuzwa ghali zaidi kuliko lililobadilishwa injini, wakati mwingine kwa mara mbili. Mtu asiye mwaminifu huchukua injini ya aina ileile, akaikwangua ile sehemu ya namba, akagonga namba anazotaka. Mkaguzi mzoefu haanzi kwa kusoma namba; huanza kwa kutazama chuma kilicho chini yake. Mashine ya kiwandani iliacha mikwaruzo myembamba iliyonyooka juu ya uso wa bloku, na mkwanguaji akiifuta hawezi kuirudisha kirahisi. Kisha mkaguzi husoma tarehe ya kusubiwa kwa bloku. Bloku iliyosubiwa baada ya gari kutoka kiwandani ni ushahidi tosha. Baada ya hapo hupitisha kipimo cha unene wa rangi kwenye milango na mapaja ya gari, kutafuta fila iliyoficha kutu. Ninaamini hakuna fedha inayolipwa kwa busara katika biashara hii kuliko ada ya mkaguzi wa kujitegemea, na inasikitisha kuona watu wakilipa dola 150,000 huku wakiona taabu kulipa 1,000 ya ukaguzi.

Si kila kopi ni udanganyifu. Wapo wanaojenga Chevelle SS kutoka Malibu na kusema hivyo wazi, na wapo wanaoweka injini za kisasa, breki za diski na kiyoyozi chini ya bodi ya zamani. Magari hayo huendeshwa kwa raha kuliko ya asili. Kinachouzwa hapo ni kazi ya fundi, na kazi ya fundi hupitwa na wakati.

Upande wa pili kuna magari ambayo hayajaguswa kabisa. Kwa miaka mingi wakusanyaji waliamini kwamba gari lazima livuliwe mpaka chuma, lipakwe rangi kama kioo, lirudi jipya kuliko lilivyotoka Detroit. Kazi hiyo huweza kula zaidi ya dola 100,000, na kwa magari mengi mwenyewe harudishi hata nusu. Polepole soko limebadili macho. Rangi ya kiwandani iliyopauka, kiti kilichochanika, alama za chaki za mafundi wa mwaka 1969, vyote vimeanza kulipiwa, kwa kuwa ni ushahidi ambao haughushiki.

Hakuna gari lililoonyesha jambo hilo kama Mustang GT 390 ya 1968 aliyoiendesha Steve McQueen katika filamu ya Bullitt. Baada ya filamu lilipita mikononi mwa watu wachache, na mwaka 1974 likanunuliwa na familia moja kwa dola 6,000. Mama wa familia hiyo alilitumia kwenda kazini. Mwaka 1977 McQueen mwenyewe aliandika barua kuomba kulinunua, hakuuziwa. Likaja kuharibika, likafichwa kwa miongo. Lilipotokea hadharani mwaka 2018 lilikuwa na mbonyeo, kutu na matundu yaliyobaki tangu siku za kupiga filamu. Hawakuligusa. Januari 2020, Kissimmee, Florida, mnada wa Mecum ulilianzisha kwa dola 3,500 na nyundo ikaanguka kwenye milioni 3.4, pamoja na ada ikawa milioni 3.74. Mustang GT 390 za mwaka ule si adimu. Lililouzwa pale ni gari ambalo kila mkwaruzo wake una shahidi.

Filamu hufanya kazi nyingine pia, ya kuangamiza. Mfululizo wa televisheni The Dukes of Hazzard, uliorushwa kati ya 1979 na 1985, uliharibu mamia ya Dodge Charger za 1968 hadi 1970 kwa kuzirusha juu ya mito na mahandaki. Wakati uleule uliwafundisha watoto wa nchi nzima kuitamani Charger ya 1969. Zikapungua barabarani na kuongezeka ndotoni. Mtu aliye na Charger safi leo ana deni kwa walioziponda.

Watoto hao sasa wana miaka 50 hivi. Waliokuwa na miaka 18 mwaka 1970 wamevuka 70, na wengi wanauza, au watoto wao wanauza kwa niaba yao. Kizazi kinachofuata kilibeba tamaa nyingine. Juni 2021 Toyota Supra ya rangi ya chungwa kutoka filamu ya The Fast and the Furious iliuzwa Las Vegas kwa dola 550,000, bei ya kuchekesha kwa macho ya mzee wa Hemi, na ya haki kabisa kwa aliyekuwa na miaka 15 mwaka 2001. Nionavyo mimi, magari ya kileleni yenye karatasi kamili yatashika bei yake, kwa kuwa yamekwisha hesabiwa moja moja na kila tajiri anayeingia katika mchezo huu atalitaka mojawapo. Ya katikati, yaliyopendwa kwa kumbukumbu za ujana tu, yataendelea kulegea.

Watengenezaji nao wamejifunza somo la uchache, na wamelijifunza vibaya. Mwaka 2023 Dodge waliiaga Challenger ya silinda nane kwa toleo liitwalo Demon 170, la nguvu za farasi 1,025, wakitangaza mapema kwamba hayatazidi 3,300. Wanunuzi wengi waliyafunika plastiki na kuyafungia gereji siku ileile. Buick GNX ya 1987 ilitunzwa hivyohivyo na ikapanda bei, lakini zilikuwa 547, katika zama ambazo Marekani haikuwa na gari jingine la kufanana nayo. Magari 3,300 yaliyotunzwa yote, na wenyewe wote wakijua kwa nini wanayatunza, ni hesabu nyingine kabisa. Siku wenyewe watakapoamua kuuza, yataingia sokoni kwa pamoja, yakiwa na kilomita chache na karatasi kamili kila moja.

Ukiniuliza fedha yangu ningeiweka wapi, nitakujibu bila kusita: Plymouth Duster au Dodge Dart ya mwaka 1970 au 1971, yenye ile injini ya inchi 318. Herufi ya tano ya namba yake ya chesisi ni G. Spea zipo, fundi yeyote mwenye umri ataijua, na bei yake imeanza kushuka kufikia watu wanaotaka kuiendesha.